Soko la vipima-oksijeni Karatu: Kidole chasomeka, mfupa bado

KARATU: Kifaa chenye ukubwa wa kiberiti, kinachobanwa kwenye kidole na kuonyesha kiasi cha oksijeni kilichomo katika damu, sasa ni bidhaa ya kawaida katika maduka ya vifaa vya tiba mjini Arusha, na wateja wake wa upande wa Karatu na Ngorongoro si hospitali peke yake. Wamo wenye maduka ya dawa, makampuni ya utalii, mahoteli ya ukingoni mwa kreta, na familia zenye mgonjwa wa pumu nyumbani. Katika soko la dunia vifaa vya namna hii huuzwa rejareja kwa chini ya dola 50 za Marekani, na vile vya hali ya chini hupatikana hata kwa chini ya dola 20.

Bei hiyo ndiyo inayovuta wateja, na ndiyo inayowapoteza baadhi yao. Kifaa hiki hujibu swali moja tu: damu inayofika kwenye ncha ya kidole imebeba oksijeni kiasi gani? Hakijibu swali la pili, ambalo kwa wilaya zenye pikipiki nyingi na barabara za vumbi ni zito vilevile: mfupa uliovunjika unapata oksijeni ya kutosha kuunga, au umeanza kufa? Kwa swali la kwanza soko lina bidhaa za kila bei. Kwa swali la pili bado hakuna kifaa cha kawaida cha wodini kinachouzwa, si Arusha tu bali hata Ulaya na Marekani, ingawa maabara za huko zimekwisha kuonyesha kuwa jambo hilo linawezekana kwa kutumia mwanga.

Mnunuzi asiyejua tofauti ya maswali hayo mawili anaweza kutoa fedha zake kwa kifaa kizuri na kukitegemea kwa kazi isiyo yake.

Mwanga mwekundu na damu ya mzee

Ndani ya kibanio cha kidoleni mna taa mbili ndogo. Moja hutoa mwanga mwekundu wenye wimbi la nanomita 660, na nyingine hutoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, wenye wimbi la nanomita 940. Upande wa pili wa kidole kuna kipokezi kinachopima mwanga uliosalia baada ya kupenya. Himoglobini iliyobeba oksijeni ni nyekundu angavu. Huacha mwanga mwekundu upite na kumeza zaidi ule wa infraredi. Himoglobini iliyokwisha kuutua mzigo wake huwa na rangi ya damu ya mzee, nayo humeza mwanga mwekundu. Kwa kulinganisha taa hizo mbili, kifaa hukadiria ni asilimia ngapi ya himoglobini iliyobeba oksijeni.

Shida ni kwamba mwanga ukipita kidoleni hukutana pia na ngozi, nyama, damu inayorudi moyoni na mfupa, na vyote hivyo humeza mwanga. Kifaa huvitenganisha kwa mbinu moja rahisi. Kila moyo unapopiga, damu ya ateri kidoleni huongezeka kidogo kisha hupungua. Kinachocheza kwa mapigo ndicho kinachohesabiwa. Kisichocheza hutolewa katika hesabu. Mfupa umo katika kundi hilo la pili. Kwa maneno mengine, kipima-oksijeni cha kidoleni kimeundwa makusudi ili kisiusikilize mfupa.

Mbinu hiyo ilitoka Japani. Mhandisi Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden, alikuwa akijaribu kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kutumia rangi ya kijani iliyoingizwa mshipani na mwanga uliopitishwa kwenye sikio. Mapigo ya damu yalimharibia vipimo vyake, na katika kutafuta namna ya kuyaondoa akagundua kuwa yana habari aliyokuwa hakuitafuta. Alitangaza kazi yake mwaka 1974. Alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima ilipokuwa inagombania kifaa chake kwa sababu ya UVIKO-19. (Barabara ya lami inayovipeleka vifaa hivyo kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro nayo ilijengwa kwa msaada wa Japani, lakini hilo ni sadfa tu.)

Rangi ile ya kijani ikumbukwe, maana itarudi kwenye habari ya mfupa.

Kimo, moshi na rangi ya ngozi

Namba inayotokea kwenye kioo haisomwi kwa namna moja kila mahali. Dar es Salaam, usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni milimita 760 za zebaki, na fungu la oksijeni katika hizo ni kama 159. Karatu mjini, penye kimo cha meta 1,500 hivi, hewa ni kama 634 na oksijeni 133. Ukingoni mwa kreta, kwenye meta 2,300, hewa hushuka hadi kama 575 na oksijeni hadi 120. Mtu mzima mwenye afya anayeonyesha 98 akiwa Kariakoo anaweza kuonyesha 94 akiwa amesimama ukingoni akitazama nyati chini bondeni, na asiwe na ugonjwa wowote.

Kwa watalii jambo hili si la mzaha. Waongozaji wa Kilimanjaro hubeba vipima-oksijeni na kupima wageni wao kila siku, na makampuni yanayopeleka watu kutembea kwa miguu katika milima ya Ngorongoro, kama vile Lolmalasin unaozidi meta 3,600, yana sababu ileile ya kuvinunua. Karatu yenyewe ina ushahidi wa karibu. Daktari wa usingizi kutoka California, Frank Artress, aliugua mapafu kujaa maji kwa sababu ya kimo alipokuwa akipanda Kilimanjaro mwaka 2002, nusura apoteze maisha. Baada ya hapo yeye na mkewe, Susan Gustafson, walihamia Tanzania, na kliniki yao ya FAME ilifunguliwa Karatu mwaka 2008. Leo FAME ni hospitali, na pamoja na hospitali ya Kilutheri ya Karatu ni miongoni mwa wateja wa vifaa vya aina hii kwa upande huu wa mkoa wa Arusha.

Lakini wateja walio wengi si watalii. Ni watoto wenye homa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani limeweka namba iliyo chini ya 90 kuwa alama ya mtoto anayehitaji oksijeni, na mganga wa zahanati hana njia nyingine ya uhakika ya kuijua hali hiyo; midomo na ndimi za buluu huonekana kwa kuchelewa, na kwa mtoto mweusi mwenye upungufu wa damu zinaweza zisionekane kabisa.

Hapo ndipo ubora wa kifaa unapogeuka kuwa suala la uhai. Kiwango cha kimataifa cha vipima-oksijeni, ISO 80601-2-61, huruhusu kosa la hadi pointi 4. Kwa lugha ya sokoni: ukipima mara tatu, mara mbili hivi jibu litakuwa ndani ya pointi 4 juu au chini ya ukweli, na mara ya tatu linaweza kuwa mbali zaidi. Hiyo ni kwa kifaa kinachotimiza kiwango. Kile kisichotimiza hakina ahadi yoyote. Tena viwanda hupima ubora kati ya asilimia 70 na 100 tu, kwa kuwa hairuhusiwi kumshusha mtu wa kujitolea chini ya hapo. Namba ya 62 kwenye kioo ni makisio ya mashine.

Rangi ya ngozi nayo imo katika hesabu. Desemba 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walichapisha matokeo katika jarida la New England Journal of Medicine yaliyoonyesha kuwa kati ya wagonjwa waliosomeka 92 hadi 96 kidoleni, asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi walikuwa kwa kweli chini ya 88 damu yao ilipopimwa maabara. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Kosa lilikuwa la kuzidisha namba, yaani kumwonyesha mgonjwa kuwa mzima kuliko alivyo. Januari 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa rasimu ya mwongozo inayotaka viwanda vijaribu vifaa kwa watu wasiopungua 150 wa rangi mbalimbali za ngozi. Mwongozo wa zamani uliridhika na watu 10, wawili kati yao wakiwa weusi. Vifaa vingi vilivyomo katika droo za zahanati zetu viliundwa chini ya utaratibu huo wa zamani.

Wanunuzi wa vitunguu vya Mang'ola wanalijua jambo hili kwa jina lingine. Gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, huuzwa kama gunia moja hali uzito wake umepita kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria ya vipimo, na anayeumia ni mkulima. Kipima-oksijeni kinachozidisha namba ni lumbesa iliyogeuzwa: kilemba kipo, vitunguu havimo. Tofauti ni kwamba kwa vitunguu yupo Wakala wa Vipimo mwenye mizani yake, wakati kwenye zahanati hakuna mizani ya pili ya kuhakikishia.

Kuna mawili zaidi yanayohusu nyanda za juu hasa. Asubuhi za Juni hadi Agosti ukingoni mwa kreta ni za baridi kali, na kidole kilichopoa kina damu kidogo kiasi kwamba kifaa hushindwa kupata mapigo au hutoa namba ya kubahatisha. Dawa yake ni kuupasha mkono joto kwanza na kusubiri. La pili ni moshi. Katika nyumba zinazokokewa moto ndani usiku kucha, au chumba cha kupanga chenye jiko la mkaa na dirisha lililozibwa, gesi ya kaboni monoksaidi hukamata himoglobini mahali pa oksijeni, na kwa taa zile mbili himoglobini hiyo huonekana karibu sawa na iliyobeba oksijeni. Mgonjwa anaweza kusomeka 98 huku anakufa kwa moshi. Hakuna kifaa cha kidoleni cha bei ya kawaida kinachoweza kulitambua hilo.

Njia ya kununulia

Zahanati na vituo vya afya vya serikali hununua kupitia Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, ambayo kanda yake ya Moshi ndiyo huhudumia Arusha. Kinachokosekana bohari hununuliwa kwa mshitiri binafsi aliyeteuliwa kwa mkoa chini ya mpango wa Jazia, ulioanza kwa majaribio Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchi nzima kuanzia 2018. Hospitali za mashirika ya dini huchanganya njia: bohari, wafadhili, na maduka. Mnunuzi binafsi hana bohari wala mshitiri, naye ndiye hukutana na bidhaa zisizo na jina.

Kinga yake ya kwanza ni kuuliza kama kifaa kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na kama kimeandikwa kiwango cha ISO kilichotajwa. Muuzaji asiyejua kiwango hicho ni nini huenda hajui anachouza. Kinga ya pili haina gharama: watu watatu wenye afya wajipime dukani kwa kifaa kimoja, kisha kwa kingine. Kama kimoja kinampa kila mtu 99 bila kutikisika, hata aliyekunja kidole nusu ndani, kirudishwe kabatini.

Upande wa juu wa soko kuna vifaa vya wodini vyenye waya na vibanio vya kubadilisha. Shirika la Lifebox, lililoanzishwa mwaka 2011 baada ya Shirika la Afya Duniani kukiweka kipima-oksijeni katika orodha yake ya upasuaji salama ya mwaka 2008, lilianza kwa kukipeleka kifaa imara kwa vyumba vya upasuaji kwa dola 250. Ukilinganisha na dola 20 ni ghali. Ukihesabu miaka, si ghali. Kibanio cha mtu mzima hakishiki kidole cha mtoto mchanga, kwa hiyo mwenye kifaa cha dola 20 na wodi ya watoto hana kitu. Betri ndogo za kubadilisha huisha, na katika kijiji kisichokuwa na duka la betri kifaa hulala. Waya wa kibanio ndio hukatika kwanza kwa vile vya wodini, na bei ya waya mpya iulizwe kabla ya kulipia mashine.

Namba ikishapatikana, mgonjwa bado anahitaji oksijeni yenyewe, na wengi husahau gharama hiyo katika bajeti. Mtungi mkubwa una lita kama 6,800. Mtoto anayetumia lita 1 kwa dakika atautumia kwa saa 113, yaani siku 5 kasoro. Mtu mzima anayetumia lita 5 kwa dakika ataumaliza kwa chini ya saa 23. Baada ya hapo ni safari ya Arusha, kama kilomita 140 kwenda na nyingine kurudi. Mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani huepusha safari hiyo lakini hutaka umeme wa kama wati 350 bila kukatika. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao nchi iliupata mwaka 2021 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabili UVIKO-19 uligharimia pia mitambo ya kuzalisha oksijeni katika hospitali, na hiyo imeleta unafuu mijini. Kijiji cha ndani ya hifadhi kiko mbali na mtambo wowote.

Aidha, hali ndani ya hifadhi imebadilika. Tangu 2022 serikali imekuwa ikihamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, wilayani Handeni, na taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 2024 ilieleza kuwa huduma za hospitali ya Endulen, inayomilikiwa na Kanisa Katoliki, zilipunguzwa. Watu walio bado hifadhini hawakuacha kuugua. Mgonjwa asiyepata huduma Endulen hupandishwa hadi ukingoni na kuteremshwa Karatu, na mahali pa kwanza panapohitaji kipima-oksijeni huwa ndani ya gari.

Mguu wa pikipiki

Ngorongoro inajulikana duniani kwa mifupa ya kale, tangu Mary Leakey alipolipata fuvu la Zinjanthropus katika bonde la Olduvai mwaka 1959. Mifupa inayowasumbua madaktari wa leo ni ya vijana, na mara nyingi ni muundi. Mfupa huo upande wa mbele umefunikwa na ngozi tu. Pikipiki ikiangukia mguu, muundi hukatika na kutokeza nje kwa urahisi, vumbi huingia, na kwa kuwa nyama ya kuuzunguka ni chache, damu inayoufikia pia ni chache. Vipande vilivyokosa damu hufa, vijidudu hukaa ndani yake ambamo dawa haifiki, na jeraha hutoa usaha kwa miezi au miaka. Kwa dereva wa bodaboda huo ndio mwisho wa biashara. Pikipiki ya mkopo hurudi kwa mwenyewe.

Tanzania imechangia elimu ya dunia katika jambo hili. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, pamoja na wenzao wa Marekani, walilinganisha njia mbili za kutibu muundi uliotokeza nje, chuma cha ndani ya mfupa na fremu ya nje, na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Katika kuzuia kifo, kurudiwa kwa upasuaji na madhara makubwa, njia hizo hazikuachana kwa kiasi cha kuaminika. Kwa mtu wa mahesabu hiyo ni habari muhimu: chuma chenye bei kubwa peke yake hakikuamua matokeo. Hali ya mfupa wenyewe, uhai wake na usafi wa jeraha, ina uzito wake.

Na uhai huo unapimwaje? Mpaka leo, kwa macho. Daktari bingwa wa upasuaji hukwangua mfupa na kutazama kama vitone vya damu vinachomoza. Vikichomoza, mfupa u hai. Visipochomoza, kipande hutolewa. Akitoa kidogo mno, usaha hurudi. Akitoa kingi mno, mguu unafupika.

Hapo ndipo kipimo cha mwanga kwa mfupa kingelipa. Maabara zina njia tatu. Ya kwanza ni kuweka taa za infraredi juu ya muundi, mahali mfupa ulipo karibu na ngozi, na kipokezi sentimita chache pembeni. Mwanga hupinda ndani na kurudi na habari za damu iliyomo mfupani. Tiziano Binzoni wa Geneva na wenzake wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Haimchomi mtu sindano, lakini si rahisi kuitenga sauti ya mfupa na ile ya ngozi na nyama iliyo juu yake.

Ya pili hutumia rangi inayong'aa ikimulikwa. Oksijeni ina tabia ya kuuzima mng'ao huo: ikiwepo nyingi mng'ao hufifia upesi, ikiwa kidogo hudumu. Kinachopimwa ni muda tu, sehemu ndogo mno za sekunde. Kampuni ya Oxford Optronix ya Uingereza huuza kwa ajili ya utafiti uzi mwembamba wa kioo wenye rangi ya namna hiyo kwenye ncha, unaochomekwa ndani ya nyama. Kwa njia ya jamaa hiyo, watafiti wa Marekani walichungulia uboho ndani ya fuvu la panya hai na kuchapisha katika jarida la Nature mwaka 2014. Walikuta jambo la kushangaza: ingawa uboho una mishipa mingi ya damu, oksijeni yake ilikuwa chini ya milimita 32 za zebaki, na mahali pengine ndani zaidi ilishuka hadi 9.9. Ikumbukwe kuwa hewa ya ukingoni mwa kreta, iliyotajwa kuwa pungufu, ina 120. Mfupa mzima, wenye afya, huishi kwa oksijeni kidogo. Basi ule uliopoteza damu hauna akiba ya kuvumilia.

Ya tatu ndiyo iliyokaribia zaidi chumba cha upasuaji, na ndipo inaporudi rangi ya kijani ya Aoyagi. Rangi hiyo huingizwa mshipani, na kamera ya infraredi huonyesha sehemu za mfupa zinazofikiwa na damu ziking'aa na zisizofikiwa zikibaki nyeusi. Madaktari wa Dartmouth, Marekani, wamekuwa wakiijaribu kwa wagonjwa waliovunjika. Kwa kweli haipimi oksijeni. Hupima damu inayoileta. Rangi yenyewe ni ya zamani. Ghali ni kamera, ambayo bei yake huhesabiwa kwa maelfu mengi ya dola.

Watu wenye selimundu nao wana haja ya kipimo hiki, kwa kuwa kwao seli zilizopinda huziba mishipa midogo na kichwa cha mfupa wa paja hufa polepole kabla picha ya eksirei haijaonyesha kitu. Tanzania ni mojawapo ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo. Soko lipo, ila wateja wake hawana fedha, na viwanda huenda kwenye fedha.

Kwa sasa, aliye Karatu au Endulen mwenye kipima-oksijeni cha kawaida anaweza kukitumia kwa mguu uliovunjika kwa namna moja tu, isiyo na gharama ya ziada. Mguu ukishanyooshwa na kufungwa banzi, kibanio huwekwa kwenye kidole cha pili cha mguu ulioumia, kisha kidole kama hicho cha mguu mzima. Mguu mzima ukionyesha mapigo na ulioumia usionyeshe, ilhali yote miwili ina joto, damu haifiki, na mgonjwa asingoje gari la kesho. Mapigo yakionekana kote, isichukuliwe kuwa mfupa umesalimika, wala kwamba misuli haijavimba na kujibana ndani. Maumivu yanayozidi baada ya kufungwa banzi yana uzito kuliko namba.

Namba yenyewe iandikwe pamoja na mahali na saa ilipochukuliwa. Gari linapotoka Endulen na kupanda kuelekea ukingoni, namba ya kidoleni hushuka pointi kadhaa kwa sababu ya kimo, na likianza kuteremka kuelekea Lodoare na Karatu hupanda tena. Muuguzi wa zamu anayempokea mgonjwa Karatu na kukuta 95, bila karatasi inayoonyesha kuwa ukingoni ilikuwa 84, anaweza kumwacha kwenye benchi.